Nanga Iliyofutwa Nusu

Tangu alfajiri Zaida alikuwa akipigana na vioo. Saluni bila kioo si saluni, hilo halina mjadala. Mwanamke akishasukwa lazima ajitazame, ageuke, aulize nyuma kumekaaje. Lakini chumba cha ndani, alichokipaka rangi nyeupe na kukitundikia pazia zito jeusi, hakikutaka kioo hata kipande. Mwanga wa leza ukigonga kitu cha kung'aa unarudi, na ukirudi hauchagui jicho la kuingia. Alifundishwa hivyo kwenye mafunzo kule Nampula, na karatasi za watu wa afya zilisema hivyo hivyo. Kioo cha ukutani alikwisha kukitoa. Sasa akaliona kabati la chuma, mlango wake unameremeta kama sufuria mpya. Akalifunika kanga. Akaitazama kanga, akaona mkaguzi anayekuja leo atamcheka. Akaitoa, akaliburuta kabati zima hadi uani, peke yake, huku akisema, "Wallahi leo mimi na wewe atabaki mmoja."

Alima, msusi wake, alikuwa mbele anafagia nywele za jana. Akachungulia. "Dada Zaida, umeoga kweli wewe? Jasho lote hilo!"

"Fagia, Alima. Niachie jasho langu."

"Na gauni la mikono mirefu kwa joto hili la Palma? Unakwenda kuozwa?"

Zaida aliivuta mikono ya gauni mpaka viganjani, akageuka akaenda kuipangusa mashine ya leza ambayo haikuwa na vumbi. Balaa lake lote lilikuwa chini ya mkono mmoja wa gauni lile, wa kushoto, pale juu kidogo ya kifundo, na hata Alima mwenye macho ya mwewe hakuwa amelijua.

Tuseme kwanza habari ya leseni, maana bila hiyo mtamwona Zaida ni mwehu tu wa kuhangaika na makabati. Alvará, yaani leseni, ya kusuka na kupaka kucha alikuwa nayo siku nyingi, iko ukutani kwenye fremu, imeanza kupauka. Aliponunua mashine ya kufutia tatoo akadhani atafungua mlango tu, aandike kwenye kibao, watu waje. Loo! Bibi mmoja wa ofisini alimpiga jicho la juu chini akamwambia, "Kusuka ni urembo. Kitu kinachoingia ndani ya ngozi ya mtu ni afya. Urembo una mlango wake, afya ina wake." Ndipo safari ikaanza. Atafute daktari wa kuwajibika. Akampata Daktari Tiago, mtu mpole anayesema kwa kunong'ona kama yuko msibani. Alete cheti cha mafunzo, hati za mashine, miwani ya mfutaji na miwani ya mteja, kizimamoto, taa nyekundu juu ya mlango, ndoo ya taka yenye kifuniko, karatasi ya mteja kukubali kwa hiari yake. Faili lilikwenda Pemba likarudi, likaenda tena likarudi tena, mpaka Alima akasema faili hili lina jamaa huko, linakwenda kuwasalimia.

Na ndani ya faili hilo mlikuwa na tamko ambalo Zaida alilitia saini mwenyewe: kwamba mashine haijatumika kwa mwili wa mtu yeyote, na haitatumika kabla ya kibali kutoka. Siku aliyotia saini ilikuwa kweli tupu. Baadaye ikaacha kuwa kweli.

Aliyeifanya iache kuwa kweli ni mdogo wake, Abudo.

Zamani, kabla ya vita, ndugu hawa wawili walikuwa wanakula jasho lao kwenye bandari ya Mocímboa da Praia. Abudo alikuwa mpakizi, anabeba magunia ya chumvi na saruji. Zaida alikuwa anawapikia wapakizi mihogo na samaki wa mchuzi. Wapakizi wa kundi lao walikuwa na desturi yao: mtu akishakubaliwa kundini anachorwa nanga ndogo juu ya kifundo cha mkono, kwa sindano na masizi ya taa. Asubuhi watu wamejaa langoni, wote wanataka kazi, msimamizi hamjui huyu wala yule. Wewe unanyoosha mkono, nanga inaonekana, unapita. Wapishi nao walichorwa, ya kwao ndogo zaidi, ili wasizuiwe na masufuria yao. Watu waliionea fahari nanga ile. Abudo aliposa mke akiwa amekunja mkono wa shati ili wakwe waione.

Kisha vita ikaja, watu wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Zaida na Abudo wakaangukia Palma, wakaikimbia, wakarudi. Na huko nyuma likazuka neno kwamba baadhi ya vijana wa bandarini wameingia msituni kwa waasi. Kweli, uongo, nani aliuliza? Neno likishatoka halina mwenyewe. Askari wa vizuizini wakaanza kutazama mikono ya wanaume. Ya wanawake hawakuitazama. Abudo akawa dereva wa gari dogo la kubeba nazi kutoka Quionga, na kila safari ni ile ile: shuka, onyesha mkono, hii nini, nani aliyekuchora, wenzako wako wapi. Anakalishwa pembeni, baadaye anaachwa. Kuachwa alikuwa anaachwa, lakini kila akirudi alikuwa amepungua kidogo.

"Dada, nifute," alikuwa akisema. "Mashine iko pale imefunikwa shuka kama bwana harusi. Inangoja nini?"

"Inangoja kibali."

"Na mimi nangoja nini? Risasi?"

Zaida alikataa, akakataa tena. Mpaka jioni moja Abudo alirudi, akaketi jikoni, akataka kunywa maji, kikombe kikamgonga meno kwa kutetemeka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku moja atauchukua mkono huu auweke kwenye jiko yamalizike. Hakuwa anatania. Zaida alimjua tangu akiwa mgongoni mwake, amefungwa kwa kanga. Alijua lini anatania.

Lakini mpishi asiyeonja atalisha watu sumu. Zaida alianza kwa ngozi ya mbuzi aliyoichora masizi, kama alivyofundishwa. Kisha akajifungia chumbani, akavaa miwani, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaipiga nanga yake. Iliuma kama mpira uliovutwa ukaachiliwa, tena na tena. Akangoja ngozi ipone, akaitazama kila asubuhi dirishani, isije ikawa imeungua, maana ngozi yetu nyeusi ukikosea inaacha baka la maisha. Haikuungua. Ikafifia. Ndipo akamlaza Abudo.

Hapo tena pakawa na jambo ambalo wote wawili hawakulifikiria. Tatoo haifutiki kwa siku moja, hilo Zaida alifundishwa. Unapiga, unangoja wiki kadhaa, unapiga tena, na tena. Nanga ya Abudo baada ya mara ya kwanza ilikuwa imeliwa upande mmoja, ina magamba, na kando yake pamevimba. Ilikuwa bora ibaki nzima! Nzima ilisema huyu alikuwa mpakizi. Nusu ilisema huyu anaficha kitu.

"Usipite barabara yoyote mpaka ipone," Zaida alimwambia. "Hata kama nazi zinaoza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Basi. Na jana usiku Zaida, kwa wasiwasi wake wa kupokea mgeni, akanung'unika mbele ya Abudo kwamba nazi za sokoni zimekauka, wali hautakuwa na utamu, laiti angepata za Quionga. Alisema tu, kama mtu anavyosema. Mgeni haji kwako akaondoka na njaa, hata akiwa mkaguzi wa serikali. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Asubuhi hii gari la Abudo halikuwepo mahali pake, na Zaida kwa pirika za makabati hakuliona hilo.

Mkaguzi alifika jua limeanza kuchoma. Dona Belmira, mama mfupi wa kutoka Mueda, miwani imefungwa uzi shingoni, viatu vya kutembelea. Alikuwa amekulia ukimbizini Mtwara utotoni mwake, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kule hasa, na alikitumia bila haya.

"Mana Zaida, dada yangu, harufu ya samaki hiyo inatoka kwako?"

"Karibu, dona. Tumeandaa kidogo tu, wali na..."

"Mimi sili kwa mtu ninayemkagua. Nikila leo, kesho watasema Belmira ameuza muhuri kwa kipande cha jodari." Akavaa miwani. "Lakini inanukia vizuri, hilo siwezi kukataa. Haya, twende."

Akaingia chumba cha ndani. Akawasha taa nyekundu, akaizima. Akavuta pazia akatazama kama mwanga unapenya. Akasoma maandishi ya kwenye miwani, akapima kizimamoto mkononi, akafungua ndoo ya taka akaifunga. Akatazama kuta, taratibu, moja moja. "Hakuna kioo. Vizuri. Wengine wananiwekea mpaka kalenda ya plastiki." Zaida alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia umeushika wa kushoto.

"Iwashe."

Zaida akaiwasha. Mashine ikanguruma, ikaonyesha namba za mapigo yake. Dona Belmira akainama akazisoma.

"Imepiga. Ulijaribia nini?"

"Ngozi ya mbuzi, dona." Akaileta, imekunjwa kwenye mfuko, ina mistari ya masizi iliyofutwa. Mkaguzi akaigeuza, akaipangusa kwa kidole, akaguna kwa kuridhika.

"Wengine hawajaribu kabisa. Wanajifunzia kwa watu." Akamtazama. "Wewe una adabu ya kazi."

Ee Mola! Afadhali angemtukana. Neno lile lilimchoma Zaida kuliko mashine yenyewe. Akasema, "Ahsante, dona," na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

Wakaketi mbele, kwenye meza ya kupakia kucha. Dona Belmira akazipanga karatasi, akafungua kopo la wino, akatoa kwenye begi lake muhuri uliofungwa kitambaa cha kijani. Alima alikuwa ameegemea mlango, ametabasamu mpaka masikioni. Na simu ya Zaida ikalia.

Aliyepiga alikuwa Nurdine, muuza nazi mmoja wa Quionga. Hakusalimia. "Zaida, nduguyo wamemshika hapa kizuizini. Wameuona mkono. Wanasema ameunguza alama, anaficha. Anawaambia dada yake amemfuta kwa leza, wanacheka, wanasema Palma kuna leza gani, alete karatasi ya kliniki yenye muhuri. Kuna gari linakuja mchana kumchukua. Wakimchukua, mama, utamtafutia wapi? Fanya upesi."

Simu ikakatika, au Zaida aliikata, hata yeye hakujua. Mbele yake Dona Belmira alikuwa anaubonyeza muhuri kwenye wino, taratibu, pande zote, kama mtu anayechovya mkate kwenye chai.

Na shetani hakosi maneno. Yalimjia yote kwa wakati mmoja. Nyamaza. Muhuri ukishapigwa una kliniki, na ukiwa na kliniki una karatasi ya kuwapelekea. Nyamaza kidogo tu, ashushe mkono! Lakini Zaida hakuwa mjinga. Alvará ya leo haiwezi kufunika kidonda cha wiki iliyopita. Mkuu wa kizuizi atatazama tarehe, atatazama magamba, ataona uongo, na mtu akikushika na uongo mmoja hakuamini tena hata ukimwambia jina la mama yako. Abudo angepelekwa na uongo wa dada yake juu ya kidonda chake. Akaiona ile nanga ya nusu. Akaona kikombe kikigonga meno.

"Dona, usipige."

Dona Belmira akainua uso. Muhuri ulikuwa hewani.

Zaida akaukunja mkono wa gauni. Akauweka mkono mezani kati ya karatasi, kiganja juu. Nanga ilikuwa pale, imefifia kama chapa ya nguo iliyofuliwa sana, lakini ni nanga. "Nilijaribu mbuzi, kweli. Kisha nikajaribu hapa. Kisha nikamfuta mdogo wangu, mara moja. Tamko langu lina uongo. Sasa wamemshika njia ya Quionga kwa sababu imefutika nusu, wanataka karatasi yenye muhuri, na mimi sina. Mchana wanamchukua."

Alima akajishika mdomo. Dona Belmira aliurudisha muhuri juu ya kitambaa, pole pole, akavua miwani. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Unajua nilikuwa nimebakiza nini?"

"Najua."

"Nimetoka Pemba na barabara ile. Nikasema moyoni, leo angalau nimempata mmoja aliyefuata sheria. Mmoja!" Akapiga meza kwa kiganja, chupa za rangi ya kucha zikaruka. "Mnadhani sheria hizi tumeziweka kuwatesa? Ungekuwa na kibali, nduguyo angetembea na hati ya daktari mfukoni, imeandikwa nini kimefanywa, lini na nani. Ndiyo kazi ya kibali! Wewe umemtia mtu barabarani na kidonda kisicho na baba."

Zaida alikuwa analia sasa, machozi yanashuka tu, hakuyafuta. Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililouma. "Nimekosa, dona. Sikatai. Niandikie kosa langu."

"Nini?"

"Kosa langu, liandike. Ukimkamata mtu amefanya bila leseni si unaandika? Jina langu, jina la Abudo, nilimfuta nini, kwa mashine gani. Kisha upige muhuri. Wao wanataka karatasi yenye muhuri inayosema mkono ule nilifuta mimi. Sina ya daktari. Hiyo itatosha."

Dona Belmira alimkazia macho. "Watu huniomba niyafute makosa yao," akasema. "Wewe unaniomba lako nilikoleze wino."

"Nakuomba."

"Nikishaandika siwezi kulifuta. Mashine naifunga leo hii kwa lakiri. Alvará hii inarudi Pemba na maneno yangu juu yake. Ukiomba tena wataona jina lako kabla ya kuona karatasi nyingine yoyote, na huenda wasikupe kabisa. Umeelewa?"

Zaida alitazama chumba cha ndani, pazia jeusi, taa nyekundu. Alikuwa ameuza mashamba ya minazi ya marehemu mama yao kwa ajili ya chumba kile. "Nimeelewa. Andika, dona, jua linapanda."

Mama yule aliandika kwa mkono, kwa haraka, herufi kubwa za mwalimu. Aliushika mkono wa Zaida akaupima kwa rula, akaandika. Aliuliza nanga ya Abudo ni kubwa kiasi gani, iko mkono upi, imefutwa upande upi, akaandika. Wapakizi, masizi, sindano, bandari, yote. Kisha akapiga muhuri, kwa nguvu, meza ikalia. Akaingia ndani akaitia mashine lakiri, akatoka akasema, "Ingia kwenye gari. Mimi ndiye niliyetia saini, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Njiani Zaida alikuwa mbele, karatasi mapajani, viganja vimeilalia isipeperuke. Kila gari lililokuja upande wa pili alilikodolea macho kama ndani yake yumo Abudo. Minazi ilipita, vibanda vilivyoungua vilipita, wanawake na ndoo walipita. Alisoma kila aya aliyoijua, akazichanganya, akaanza upya. Laiti nisingetaja nazi, alikuwa anafikiri. Jamani, nazi!

Kizuizi kilikuwa gogo na magunia ya mchanga na turubai. Gari la kumchukua lilikuwa limefika, limeegeshwa kivulini, injini inanguruma. Abudo alikuwa ameketi chini juani, mgongo umeegemea gurudumu la gari lake, nazi zimemwagwa kando yake. Alipomwona dada yake hakunyanyuka. Alitikisa kichwa tu, kumwambia rudi, usijiingize.

Mkuu wa kizuizi alikuwa mtu mrefu wa kusini, anazungumza Kireno cha haraka. Dona Belmira alitaka kuanza, lakini Zaida alimtangulia, kwa Kireno chake cha shule ya msingi.

"Aliyemfuta ni mimi."

"Wewe ni nani?"

"Dada yake. Nina mashine ya leza."

"Una leseni?"

"Sina. Karatasi hii inasema sina."

Mkuu akaichukua. Aliisoma mwanzo mpaka mwisho, akarudia muhuri, akautazama kwa karibu. Akamtazama Dona Belmira, kitambulisho chake cha kazi, akairudia karatasi. Kisha akaamuru Abudo aletwe. Akawaweka ndugu wale bega kwa bega mbele ya pipa lililokuwa meza yake, mikono juu ya pipa, nanga ya Abudo imevimba na magamba, ya Zaida imefifia, karibu haionekani. Alama ni ile ile, moja kubwa, moja ndogo. Zaida akausogeza mkono wake ukaugusa wa mdogo wake.

"Na wewe kwa nini?" mkuu akauliza.

"Nilikuwa nawapikia bandarini. Na nilijaribu kwangu kwanza, nijue kama inaunguza."

Dereva wa lile gari alipiga honi fupi, ya kuuliza tunakwenda au hatwendi. Mkuu akainua mkono kumwambia asubiri, akasoma tena ule mstari wa vipimo, akaweka kidole chake kwenye ngozi ya Abudo kupima, akafanya vivyo hivyo kwa Zaida.

"Bibi," akasema, "miaka yote hii sijaona mtu analeta kosa lake kizuizini kama pasi ya kusafiria." Hakucheka. Akamrudishia Abudo kitambulisho chake. "Nenda. Lakini mpaka alama hiyo iishe yote, usitembee bila karatasi hii. Askari mwingine hatajua niliyoyajua mimi."

"Itaisha lini?" Abudo aliuliza, anamgeukia dada yake.

Zaida akamtazama Dona Belmira, aliyeitia mashine lakiri. Dona Belmira akatazama barabara.

Waliziokota nazi, baadhi tu, mikono haikuwa na nguvu. Mkaguzi alitangulia na gari lake, kabla ya kuondoka alimwambia Zaida, bila ukali na bila upole, "Kidonda hicho kipake mafuta aliyoyaandika Daktari Tiago kwenye faili lako, kisipigwe jua." Akafunga dirisha.

Abudo aliendesha polepole, macho mekundu. Kuingia Palma pana kizuizi kingine, na mchana ule watu walikuwa wengi, wenye baiskeli, wenye kuku, wanawake wanaotoka shamba, nusu yao wateja wa saluni. Askari kijana akasema shuka, onyesha mkono. Akauona, uso ukamkunjamana, akashika bunduki vizuri zaidi. Abudo akatoa karatasi.

Askari aliisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama watu wanavyosoma wanapotaka kuwa na hakika. Akasoma jina kamili la Zaida na jina la baba yake. Akasoma kwamba amefanya kazi ya afya bila leseni, kwamba alitoa tamko la uongo, kwamba mashine yake imefungwa. Wanawake walikuwa wanasikiliza. Mmoja alisema, "Si yule wa saluni?" na mwingine akamfinya.

"Zaida mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mimi," Zaida akasema kutoka ndani ya gari, akaunyoosha mkono dirishani, nanga yake juu.

Askari akaitazama. Akainua gogo.

Abudo aliingia garini, hakuwasha. Alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, hajui aiweke wapi. "Dada," akasema, "kila nikipita watalisoma jina lako. Kila mahali. Nisamehe."

Zaida akaichukua, akaikunja pole pole, akaitia mfuko wa shati la mdogo wake, akafunga na kifungo.

"Uwe unaikunja hivi," akasema, "isije ikachanika penye jina langu. Hapo ndipo wanapoanzia kusoma."